Liyongo bado ni mwalimu: Jinsi kusoma tenzi za kale kwa pamoja kunavyokuza waandishi chipukizi

Shujaa amelala. Mwanawe wa kumzaa mwenyewe anamchoma sindano ya shaba kitovuni na kutoroka. Shujaa anaamka na uchungu, anatwaa upinde na mishale yake, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta uta. Roho inamtoka akiwa katika hali hiyo. Wakazi wa mji wanapokuja kuteka maji wanamwona, wanadhani yu hai na amekasirika, wanakimbia. Kwa siku kadhaa mji mzima unashinda na kiu kwa kumwogopa maiti.

Hiki ndicho kilele cha kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga ambaye jina lake halikosekani katika mazungumzo yoyote kuhusu ushairi wa Kiswahili. Wasomi hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi. Lakini kuhusu mahali, masimulizi yanakubaliana: Liyongo ni mtu wa nchi ya Ozi, Shaka na Ungwana, pale Mto Tana unapokaribia kumwaga maji yake katika Bahari Hindi. Wenyeji wa Kipini huonyesha eneo la Ozi kuwa ndipo alipozikwa.

Kipini leo imo katika eneobunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Kwa maneno mengine, kijana anayepanda matatu Minjila au anayevua samaki mdomoni mwa mto anaishi katika ardhi iliyozaa mojawapo ya visa vikongwe zaidi katika fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, si ajabu kumpata kijana huyo akiamini kwamba fasihi ni kitu kinachotengenezwa Nairobi, Dar es Salaam au London, na kwamba anayetaka kuwa mwandishi sharti kwanza aihame Tana.

Dhana hiyo ina madhara. Mwandishi asiyejua kwamba nyumbani kwake kuna urithi huanza safari yake mikono mitupu. Na urithi wenyewe, usiposomwa na wenyewe, hubakia katika maktaba za mbali ukisubiri watafiti.

Makala haya yanaeleza jinsi watunzi wa pwani ya Afrika Mashariki walivyojifunza kuandika kwa kusoma tungo za waliowatangulia, tena wakizisoma pamoja, na jinsi mbinu hiyo inavyoweza kuwafaa wanagenzi wa Garsen, Ngao, Tarasaa na Kipini.

KUSOMA KULIKUWA KUSIKILIZA

Katika miji ya kale ya Lamu, Pate na Siyu, utenzi haukuwa kitu cha mtu kujifungia chumbani na kukisoma kimyakimya. Uliandikwa kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa kwa mkono, kisha ukaghaniwa mbele ya watu. Mswada mmoja uliweza kutosheleza mtaa mzima, kwani msomaji alikuwa mmoja na wasikilizaji wengi. Aliyekosea neno alisahihishwa papo hapo na mzee aliyeuhifadhi moyoni. Aliyeuliza maana alijibiwa, na pengine jibu likazua mjadala.

Utendi wa Mwana Kupona ni mfano mzuri. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Sheikh Mataka aliyetawala Siyu, aliutunga mwaka wa 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Ulikuwa wasia wa mama mgonjwa kwa mtoto mmoja. Lakini kwa kunakiliwa na kughaniwa miongoni mwa wanawake wa Lamu, wasia huo ukawa mali ya mabinti wengi, na hadi leo unatajwa miongoni mwa tungo bora za karne ya 19.

Utenzi wa Fumo Liyongo nao ulipitia njia kama hiyo. Kisa kilisimuliwa kwa mdomo kwa vizazi vingi. Edward Steere alikichapisha kwa nathari katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka wa 1870. Mwaka wa 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mwandishi hodari wa hati, akautungia utenzi wenye takriban beti 230. Kijumwa ndiye pia aliyewanakilia miswada watafiti wa Ulaya, akiwemo Alice Werner, ambaye mwaka wa 1926 alichapisha uchunguzi wake kuhusu kisa cha Liyongo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Kijumwa hakuwa mbunifu wa kisa. Alikuwa msomaji na msikilizaji kwanza, mnakili pili, na mtunzi tatu. Kazi ya kunakili ilimlazimu kuupima kila mshororo, kuuhesabu mizani na kuutazama unavyofungamana na wenzake. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya uandishi.

TAKHMISA: KUANDIKA NDANI YA UTUNGO WA MWENZAKO

Ushairi wa Kiswahili una utanzu mmoja unaoeleza wazi zaidi uhusiano wa kusoma na kuandika. Utanzu huo ni takhmisa, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na idadi ya tano.

Katika takhmisa, mtunzi huchukua utungo wa malenga aliyemtangulia, akatwaa mishororo miwili ya kale na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe, ili ubeti uwe na mishororo mitano. Mishororo yake mitatu sharti ichukue vina vya ile ya kale, ilingane nayo kwa mizani, na maana yake ielekee kwenye maana ya mwenyewe aliyetangulia. Akifaulu, msikilizaji hapati ufa kati ya mpya na kale.

Mfano mashuhuri zaidi ni Takhmisa ya Liyongo, iliyotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Huyu ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, utungo unaoyatazama magofu ya Pate na kuuonya moyo usidanganyike na fahari ya dunia. Kabla mtu hajasema kwamba kuiga wazee huua kipaji, na atafakari jambo hili: mtunzi aliyekubali kutia maneno yake ndani ya utungo wa Liyongo ndiye huyo huyo aliyetunga mojawapo ya kazi zenye upekee mkubwa katika lugha hii.

Takhmisa hudai mambo matatu ambayo kila mwandishi huyahitaji. La kwanza ni kusoma kwa makini, kwa kuwa huwezi kuutangulia mshororo usiouelewa. La pili ni nidhamu ya umbo. La tatu ni unyenyekevu wa kuyaacha maneno ya mwisho katika ubeti yawe ya mtu mwingine.

Watunzi wa karne ya 20 waliendeleza desturi hii kwa njia zao. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka wa 1962, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Yeyote aliyesoma wasia wa Mwana Kupona hutambua mara moja kwamba Shaaban Robert alikalia kiti kile kile cha mzazi anayeusia, lakini akasema mambo ya zama zake.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali, alitunga gerezani mashairi yaliyokuja kuchapishwa mwaka wa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Hakuwa na maktaba humo. Alichokuwa nacho ni arudhi aliyoirithi katika ukoo wa washairi. Malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo ni nduguye. Mtu aliyesoma na kusikiliza tungo tangu utotoni hubeba maktaba kichwani, na hakuna askari wa gereza awezaye kumpokonya.

Naye marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017, alilelewa na bibi yake aliyekuwa mshairi, akajifunza kwake. Baadaye alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaohifadhi istilahi za ujenzi wa vyombo vya baharini, na akawa mwalimu wa watafiti wengi waliotaka kuzielewa tungo za kale.

WALIPOKAA MEZA MOJA

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba mwandishi wa siku hizi hufanya kazi peke yake. Ushahidi uliopo unaonyesha vinginevyo.

Mwaka wa 2004 kilichapishwa Ujerumani, mjini Köln, kitabu kilichokusanya mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, pamoja na tafsiri na maelezo. Hakikuwa kazi ya mtu mmoja bali ya jopo. Ndani ya jopo hilo mlikuwa na wasomi kama Gudrun Miehe na Mohamed H. Abdulaziz. Lakini pia mlikuwa na watu wanaojulikana kwanza kwa kalamu zao: Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir, Ahmed Nabhany, Farouk Topan aliyeandika tamthilia ya Mfalme Juha, na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa riwaya ya Utengano ambayo maelfu ya Wakenya waliisoma shuleni.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona jambo la kutia moyo. Hawa si wanafunzi. Ni waandishi waliokwisha kujijengea jina, wenye vitabu na tuzo. Hata hivyo, walipofikia tungo za Liyongo walihitajiana. Mmoja alijua Kiamu, mwingine Kimvita, mwingine mapokezi ya Unguja, mwingine hati za Kiarabu. Neno lililomshinda mmoja lilifunguliwa na mwenzake. Ikiwa magwiji hao walihitaji wenzao kuyasoma maneno ya mtu wa Ozi, mwanafunzi wa kidato cha pili hana haja ya kuona haya anapokwama peke yake.

Nje ya ushairi, marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alieleza katika kitabu chake cha insha cha mwaka wa 1986 jinsi riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, ilivyosomwa kwa sauti katika familia, vilabuni na mahali pa kazi, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kazi iliyochapishwa kwa hati ilirudi kwenye masikio ya umma, na mwandishi akajifunza kwamba wasomaji wake walikuwa wengi kuliko walionunua nakala.

KWA NINI GARSEN?

Upo msingi wa lugha wa kuianza kazi hii Tana. Wanaisimu huziweka Kiswahili, Kipokomo, lugha za Wamijikenda, Kikomoro na Kiilwana cha Tana ya juu katika kundi moja liitwalo Sabaki, jina lililotokana na mto ulio kusini mwa Tana. Lugha hizi ni ndugu wa tumbo moja. Kijana aliyezoea Kipokomo nyumbani na Kiswahili sanifu shuleni tayari amezoea kuona neno moja likibadilika sauti kutoka lugha moja hadi nyingine. Huo ndio ustadi unaotakikana kuisoma lahaja ya Kiamu.

Mabadiliko yenyewe hufuata kanuni. Penye ch katika Kiswahili sanifu, mara nyingi Kiamu huwa na t: chini ni tini, macho ni mato, cheka ni teka. Maneno kama njia na njaa huwa ndia na ndaa. Maji huwa mai. Msomaji akishika kanuni hizi chache, ukurasa uliomtisha mwanzoni huanza kusomeka.

Upo pia msingi wa historia. Wimbo wa taifa wa Kenya, unaoimbwa kila mahali penye bendera, muziki wake ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka wa 1963 kamati ya watu watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliichukua sauti hiyo ya akina mama wa Tana na kuitilia maneno ya taifa jipya. Hii ni kama takhmisa kubwa kuliko zote: cha kale kikabaki, kipya kikajengwa juu yake. Eneo lililoipa nchi wimbo haliwezi kuitwa jangwa la sanaa.

Lakini msingi mzito zaidi ni ule wa amani. Mwaka wa 2012 na mapema mwaka wa 2013, mapigano katika eneo la Tana Delta kati ya jamii za wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Vijiji viliteketezwa na maelfu wakahama. Watoto waliokuwa shule ya msingi wakati huo sasa ni watu wazima, na baadhi yao ni walimu.

Utenzi wa Fumo Liyongo hauyakwepi mambo hayo. Ndani yake mna Waswahili wa Pate na Shaka, Wasanye na Wadahalo wa msituni, na jamii ya wafugaji ambayo watunzi wa kale waliiita Wagala, jina ambalo Waoromo, ndugu wa Waorma, hawalipendi wala hawajiiti. Liyongo anaozwa mwanamke wa jamii hiyo. Mtoto wa ndoa hiyo ndiye anayekuja kumuua baba yake kwa kuahidiwa cheo na binti wa Sultani.

Kijana Muorma akiusoma utenzi huu peke yake huenda akaona tusi na kukifunga kitabu. Kijana Mpokomo akiusoma peke yake huenda asione chochote. Wakiusoma pamoja, swali haliepukiki: Kwa nini mama wa mtoto huyu hasikiki? Alilia nani kisimani, mumewe au mwanawe? Mringa na mpenda amani hawatakubaliana kuhusu jibu, lakini watakuwa wanabishana juu ya shairi, si juu ya malisho na visima. Na atakayekwenda nyumbani kuandika beti kumi kwa sauti ya mwanamke huyo atakuwa ameanza kazi ya mwandishi, ambayo ni kuvaa ngozi ya mtu asiye yeye.

KIKWAZO CHA MWONGOZO

Katika shule nyingi nchini, fasihi husomwa kwa hofu ya mtihani. Kwa sababu hiyo vitabu vya miongozo vimeenea, na wapo wanafunzi wanaohifadhi wahusika, maudhui na mbinu za riwaya teule pasipo kuifungua riwaya yenyewe. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kupata alama nzuri. Hawezi kujifunza kuandika, kwa sababu hajakutana na sentensi hata moja ya mwandishi.

Mwongozo humweleza msomaji kwamba Liyongo alitoroka gerezani kwa ujanja. Utenzi humwonyesha ujanja wenyewe. Liyongo amefungwa minyororo Pate. Kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamaye, na askari hukila kizuri chote. Liyongo anatunga wimbo wenye fumbo, Saada anaubeba kwa mama, na mama anaoka mkate wa wishwa ndani yake mkiwa na tupa. Askari wanaudharau mkate huo duni na kumwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, anawafundisha watu kuimba, na makelele ya matari na matoazi yanapopanda yanafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Hapa mwanagenzi hupata mafunzo ambayo hayamo katika muhtasari. Anaona jinsi kitu kidogo, wishwa, kinavyobeba uzito wa kisa kizima. Anaona kwamba kiburi cha askari ndicho kinachomponza. Anaona kwamba wimbo si pambo, ni ufunguo. Na anaona kwamba shujaa mwenye nguvu za kupita kiasi hakujiokoa kwa nguvu zake, bali kwa mama, kijakazi na umati ulioimba.

HATUA ZA KUFUATA

Kundi la kusoma halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji watu kati ya watano na kumi, kivuli cha mwembe, daftari na nakala moja ya kitabu. Kitabu kimojawapo kinachofaa ni Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na Mugyabuso Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1999, ambamo mna Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona. Kundi likisoma beti 20 kwa wiki, utenzi wa Liyongo utamalizika kwa takriban wiki 12, ambazo zinakaribia muhula mmoja wa shule.

Mosi, beti zisomwe kwa sauti, tena mara mbili. Usomaji wa kwanza ni wa kusikiliza tu. Utenzi una mishororo minne katika kila ubeti, kila mmoja ukiwa na mizani minane. Vina vya mishororo mitatu ya kwanza hulingana, na cha nne hurudi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo. Sikio hulitambua umbo hili mapema kuliko jicho.

Pili, maneno magumu yaorodheshwe na kila mmoja achukue matatu au manne ya kutafuta. Kamusi isipotosha, aulizwe mzee. Neno lililokufa mjini huenda lingali hai Ozi, Chara au Kilelengwani, katika mazungumzo ya mvuvi au mkulima wa mpunga.

Tatu, kila mwanakundi ajaribu kunakili ubeti mmoja kwa mkono na kueleza kwa nini neno fulani liliwekwa pale na si pengine. Hapo ndipo ugumu wa kazi hujitokeza, na heshima kwa mtunzi huja yenyewe.

Nne, kila mtu aandike. Anayeanza na aige: atunge beti mbili kwa mizani na vina vile vile, juu ya jambo la Garsen ya leo, kama vile mafuriko, barabara au mahari. Aliyepevuka kidogo na ajaribu takhmisa, au ageuze tukio moja liwe hadithi fupi au onyesho. Njia hiyo ina waliotangulia: Emmanuel Mbogo alikigeuza kisa hiki kuwa tamthilia ya Fumo Liongo.

Tano, kilichoandikwa kisomwe mbele ya kundi kwa utaratibu ule ule wa tenzi, yaani kwa sauti na mara mbili. Wenzake waseme kwanza walichosikia, ndipo waseme kilichowakwaza. Mwandishi asijitetee hadi wamalize. Yamkini hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha mtu anayetaka kuandika na mtu anayetaka kusifiwa.

KUIGA KUNA MPAKA

Wapo wanaohofia kwamba kukumbatia tungo za kale kutawafunga vijana katika vina na mizani. Hofu hiyo si ngeni. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka wa 1974, mgogoro kati ya wanamapokeo na wafuasi wa mashairi huru umejaza kurasa nyingi za magazeti na majarida.

Jibu la haki ni kwamba pande zote mbili zina hoja. Shairi lenye mizani kamili laweza kuwa tupu kama debe. Lakini hata anayevunja kanuni hana budi kuzijua, ama sivyo hatakuwa amevunja chochote. Atakuwa tu amepita karibu nazo. Kusoma pamoja hakumlazimishi mtu kubaki alipo Liyongo. Kunampa mahali pa kuondokea.

Aidha, si kila kilichomo katika tungo za kale ni cha kusifiwa. Saada ni mtumwa aliyejitia hatarini kwa ajili ya mwingine. Wasanye na Wadahalo huchorwa kama watu wa kununuliwa. Wasia wa Mwana Kupona kuhusu utiifu wa mke huzua mabishano makali leo kila unaposomwa. Kundi lenye busara halifichi mambo haya, wala halitupi kitabu kwa sababu yake. Huyaweka mezani, likayajadili, na kuyafanya mbegu za maandishi mapya.

KULA KIKOA

Katika utenzi kuna tukio ambalo kila mtoto aliyesimuliwa kisa cha Liyongo hulikumbuka. Wasanye na Wadahalo, wakiwa wamehongwa, wanamwalika Liyongo kula makoma kwa kikoa: leo huyu apande mkoma awaangushie wenzake, kesho yule. Wanapanga kumpiga mishale zamu yake itakapofika akiwa juu ya mti. Liyongo anang'amua. Zamu yake inapowadia hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale akiwa ardhini, na wote wanakula.

Kikoa, bila ya hila hiyo, ni desturi njema. Kila mmoja huleta alichonacho kwa zamu, na hakuna anayelala njaa. Katika eneo ambalo vitabu ni adimu na mafuriko ya Tana huja kila baada ya miaka michache kusomba hata vile vilivyopo, kusoma kwa kikoa si anasa. Anayejua kughani ataghani. Anayejua Kiamu atafasiri. Anayejua Kiorma ataeleza jinsi kwao kisa kama hicho kinavyosimuliwa. Asiyejua lolote atauliza, na swali lake litawafaa wote.

Liyongo alikufa kwa sababu aliyekuwa karibu naye zaidi alirubuniwa na walio mbali. Mji ulipopata habari ulikuwa umekwisha kunyimwa maji. Aliyeurejeshea kisima hakuwa askari wala Sultani, bali Mbwasho, mama yake, aliyekwenda kumbembeleza mwanawe kwa maneno hadi mwili ulipoanguka na watu wakajua kweli.

Mama huyo hakuwa na silaha yoyote ila utungo. Bila shaka wapo Garsen leo vijana wenye utungo kama huo vifuani mwao. Linalosalia ni wapate wenzao wa kuusikiliza.